Ukiusikia Wimbo Wako, Kaa

Siku tuliyomzika Proscovia Nabifo, hapa Mbale, kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa shujaa. Mwenyekiti wa mtaa alisema hivyo, mchungaji akasema hivyo, na hata mpwa wake, ambaye hakuwahi kukaa naye wiki nzima, alisema shangazi hakujua woga. Mimi nilikuwa chini ya turubai na wazee wenzangu, nikasonya mpaka jirani yangu akanikanyaga mguu. Eti hakujua woga. Yule mwanamke niliishi naye mlango kwa mlango, Jinja na kisha Mbale, na nawaambieni sijapata kuona binadamu mwoga kama yeye. Aliogopa radi. Aliogopa gari likipunguza mwendo nje ya nyumba. Ukipiga hodi kwa nguvu, alishika kifua. Kama mnataka kumsifu, usifuni ule woga wake, maana ndio uliofanya kazi yote.

Mimi naitwa Hajarah, fundi cherehani, ingawa watu wengi hunijua kwa jina la Mama Latif. Miaka ya sabini mimi na mume wangu Isa tulikuwa na chumba cha kushonea ghorofani, katika mojawapo ya yale majengo ya Wahindi ya mjini Jinja, yenye nguzo mbele na mwaka wa kujengwa umeandikwa juu karibu na paa. Wahindi wenyewe walikuwa wameshafukuzwa. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa chumba kikubwa chenye piano, ambayo wenyewe waliiacha kwa sababu piano haiingii kwenye sanduku. Wazazi wachache wa mjini, wengine wa kanisani, wengine wa kiwandani, wakakubaliana chumba kile kiwe shule ya muziki ya watoto wadogo, na wakamwomba Proscovia afundishe. Alikuwa amejifunzia piano kwa wamisionari kwao Bugisu. Hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na vidole virefu na sauti ya chini.

Alikuwa na desturi yake moja, na hiyo ishikeni, kwa sababu kila kitu kilitokana nayo. Hakuita watoto kwa majina. Kila mtoto alimtungia wimbo mfupi, sauti tano au sita hivi, wake peke yake. Watoto walikaa kwenye mkeka, na waliochoka kungoja walivuka kuja kwangu kuchezea vifungo. Mwalimu akimtaka mtoto, alipiga wimbo wake tu. Mtoto akausikia, akainuka, akapanda benchi kando ya mwalimu na kuupiga uleule upande wa sauti nyembamba, maana yake nimekuja. Wengine walikuwa hawajui kuandika hata majina yao, lakini wimbo wake mtu hakuukosa. Nilimtania, "Mwalimu, unawaita kama kuku wanaomwagiwa mtama." Alicheka mpaka akashika piano. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Afande Gaster alikuwa askari magereza, mtu wa upande wa Tororo, mrefu na mkimya. Alipopanda ngazi zetu mara ya kwanza na magwanda yake, mimi nilijifanya natafuta sindano chini ya meza. Miaka ile Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya askari, na ukikisikia nje ya mlango wako, kwanza ulijiuliza umefanya nini. Mimi nimelelewa kwa Kiswahili, kwetu Waislamu wa Jinja ni lugha ya kuombea chumvi, lakini hata mimi nikikisikia kwenye ngazi mwili ulinisisimka. Alikuwa amemshika mkono msichana mdogo mwenye utepe kichwani.

"Mwalimu," akasema, "hii mutoto yangu, Akoth. Mama yake alikufa. Yeye nasikia hii piano kutoka barabara, nasimama, nakataa kutembea. Wewe tafundisha yeye?"

Proscovia akasema ndiyo. Baadaye nilimwuliza kwa nini alikubali haraka vile, akaniambia, "Mama Latif, mimi nilitaka kukataa. Ni mdomo uliosema ndiyo." Ukweli ndio huo. Alimpokea yule mtoto kwa woga mtupu, kwa kuwa hakuna aliyejua afande akikataliwa hufanya nini. Wazazi wengine wakanuna, baadhi wakawatoa watoto wao, na Proscovia akapoteza usingizi. Lakini ilikuwa kazi bure kumchukia Akoth. Alikuwa na miaka sita, anauliza maswali bila kikomo, na mkono wake ulikaa juu ya vile vibao vyeupe na vyeusi kana kwamba ulizaliwa hapo. Kabla mwaka haujaisha Proscovia alikuwa anamwekea kipande cha muhogo wa kuchemsha kila Jumamosi, akidhani sioni.

Baba mtu alimleta mapema kuliko wote, ili awahi zamu yake, kwa hiyo wimbo wa Akoth ndio uliofungua kila somo. Kama zamu ilikuwa ya mchana, alikaa kwenye ngazi, kofia magotini, akipiga mluzi kuufuata. Na kila siku aliukosea mwisho. Wimbo ulishuka mwishoni, yeye aliupandisha. Proscovia, ambaye hakuwahi kumwachia mtoto kosa hata dogo, aliuma meno kwa kosa lile na hakuthubutu kumsahihisha afande.

Aprili ya sabini na tisa vita vikatufikia. Kampala ilikuwa imeshaanguka. Mizinga ikasikika ng'ambo ya Nile, na askari wa serikali wakapita mjini kwa magari ya kunyang'anya, magodoro juu, mbuzi juu, wakikimbilia mashariki. Isa wangu alikuwa amekwenda Busia kutafuta chumvi, vita vikamfungia huko. Latif nilikuwa nimempeleka kwa mama yangu, kijijini Budondo. Mimi nilibaki mjini kwa ujinga wa kulinda vitambaa vya wateja, na Proscovia alibaki kwa sababu aliogopa barabara kuliko mizinga.

Jumamosi hiyo hakuja mtoto mwingine ila Akoth. Afande Gaster alikuwa amevaa shati la kuazima lililombana mabegani, na hakukaa kwenye ngazi. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, kaa na yeye. Mimi narudi jioni." Akoth alikuwa ameshapanda benchi, hata hakugeuka kumuaga. Jioni ikafika, baba hakurudi. Kesho yake wakombozi kutoka Tanzania wakaingia, watu wakacheza barabarani na matawi ya miti mikononi, na baba hakurudi.

Zile shangwe zilikuwa na upande wa pili. Watu walipomaliza kucheza walianza kutafutana. Walimtafuta aliyekuwa mpelelezi, wakamkosa, wakamchukua shemeji yake. Sisi Waislamu tulianza kuangaliwa kwa jicho baya, eti serikali iliyoanguka ilikuwa yetu. Mimi serikali ile haikuwahi kunipa hata sindano. Mbele ya soko niliona mtu akiburutwa kwa mguu, na sitasimulia zaidi ya hapo. Nilirudi nyumbani nikamkuta Proscovia amemfungia Akoth ndani, amempa ubao wa kukatia nyanya aliouchora vibao vya piano kwa mkaa, afanye mazoezi bila sauti. Mtoto alibonyeza ubao huku akiuliza, "Leo ndiyo jioni?"

Waliokuja kumtafuta waliongozwa na Semei. Semei alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa nyuma, mimi mwenyewe nilimshonea suruali. Kaka yake alikamatwa mwaka uliotangulia, akaingizwa gereza lilelile alilofanyia kazi Gaster, na hakutoka. Hata maiti familia haikupewa. Kwa hiyo msidhani nasimulia habari za shetani. Semei alikuwa na haki ya kulia, ila sasa alikuwa na panga mkononi na wenzake nyuma yake, na alikuwa ameambiwa kwamba mtoto wa afande yuko shule ya muziki.

Ilikuwa mchana, jua kali. Tulisikia miguu mingi kwenye ngazi. Proscovia akamsukuma Akoth chumbani kwangu na kurudi kwake. Nikaingia na mtoto chini ya meza ya kukatia, nyuma ya majora ya kitambaa cha marekani, nikamkumbatia. Milango yetu ilikuwa ya mbao nyembamba, kila neno lilipita.

"Wewe mwalimu, mutoto ya afande iko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Semei.

"Hapa hakuna mtoto wa afande. Mimi nafundisha muziki tu, na watoto hawaji tangu vita."

"Nafundisha muziki," mwingine akamwiga, akacheka. "Basi piga, sisi nasikia kama ni kweli."

Nikasikia benchi likivutwa, kisha kimya. Baadaye alinieleza kwamba alitafuta kitu cha kupiga, wimbo wa kanisani, wa shuleni, wowote, na kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Vidole vikaanza vyenyewe. Na vidole vyake, kila alipokaa kwenye benchi lile asubuhi, vilikuwa vimezoea kuanza na kitu kimoja tu. Vikapiga wimbo wa Akoth.

Nilimhisi mtoto akibadilika mikononi mwangu. Alikuwa amejikunja anatetemeka, sasa akanyooka. "Mwalimu ananiita," akaninong'oneza, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo alilosahau. Nilimshika gauni. Nilimshika kwa mikono yote miwili, mimi ninayebeba majora begani, na gauni lile nililolishona mwenyewe likaachia mshono wa kiunoni, mtoto akatoka. Nilitaka kumwita nikashindwa. Sijawahi kuogopa vile tena, hata nilipokuwa namzaa Latif na mkunga hayupo.

Akafungua mlango, akavuka, akapita katikati ya wale wanaume na mapanga yao, akapanda benchi. Nilijikuta nimesimama mlangoni nyuma yake. Uso wa Proscovia ulikuwa rangi ya majivu. Angeacha kupiga, kila mtu angejua kwamba kuna jambo, basi hakuacha. Akoth akaweka mkono wake na kujibu upande wa sauti nyembamba, wimbo mzima, bila kukosea.

"Hii ni nani?" Semei akauliza.

"Wangu."

"Wewe alisema hapa hakuna mutoto."

"Uliniuliza mtoto wa afande. Huyu ni wangu. Anaitwa Namono."

Mmoja wao akasema mtoto aulizwe mwenyewe. Semei akachutama mbele ya benchi, panga likagusa sakafu. "Mutoto, baba yako iko wapi?"

Akoth alimtazama vizuri, kama anavyomtazama mtu mzima yeyote. "Baba anakuja jioni," akasema. "Alisema anakuja jioni."

Nilifumba macho. Proscovia alijikojolea palepale, na sioni aibu kulisema, maana hata mimi nilikaribia. Nilipofumbua macho Semei alikuwa bado amechutama, na uso wake ulikuwa umelegea wote. "Hata sisi tulingoja kaka yetu jioni," akasema, na hakuwa anamwambia mtoto wala mtu mwingine. Akainuka. "Hii ni ya mwalimu. Twende." Mwenzake akabisha, Semei akamsukuma kwa kiwiko mpaka kwenye ngazi. Yeye akawa wa mwisho kutoka, na aliponifikia mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Mama Latif, hii watu tarudi bila mimi. Kesho asikuwe hapa."

Alikuwa amejua, naam. Mpaka leo nikimwombea mtu asiye wa ukoo wangu, namwombea Semei.

Tuliondoka alfajiri kwa miguu kwenda Budondo kwa mama yangu. Nilitaka kumfunga Akoth mtandio, Proscovia akakataa. "Mama Latif, siku hizi mtandio wako nao una kesi." Kwa mama tulikaa hadi barabara zikafunguka. Isa akatufuata kutoka Busia akiwa amekonda, na tulipopata habari kwamba chumba chetu Jinja kimekombwa, nyuzi na sindano pamoja, tukaamua wote tufuatane na Proscovia hadi Mbale kwa kaka yake Masaba, aliyekuwa na nyumba mtaa wa Nabuyonga. Ile piano ya Jinja, nilisikia ilishushwa ngazi na wanaume wengi na ikaishia kuwa meza ya baa.

Njiani, juu ya lori la mihogo, tulisimamishwa kwenye kizuizi. Proscovia alimshika Akoth mpaka vidole vikaacha alama. Askari akapanda kuchungulia, kijana mdogo wa Kitanzania, akaniona mimi kwanza. "Shikamoo mama," akasema. Miaka minane nilikuwa nimesikia Kiswahili cha bunduki tu, na huyu mwenye bunduki ananiamkia. Nikaitikia marahaba, nikaanza kulia kama mtoto, na Proscovia akadhani tumekwisha. Askari wa watu alishtuka kuliko sisi, akatupisha upesi.

Mbale haikutupokea vibaya. Masaba alitupa vyumba, jirani wakaleta ndizi. Katika ukumbi wa jumuiya hapo Nabuyonga palikuwa na piano kuukuu ambayo mchwa walikuwa wamemaliza mguu wake mmoja. Ikawekewa matofali. Sauti kadhaa zilikuwa zimekufa, na Proscovia akaweka sheria kwamba mtoto akifika kwenye kibao kisicholia, aiimbe ile sauti kwa mdomo na kuendelea. Wazazi wakapata habari, wakaleta watoto, mmoja na mafuta ya taa, mwingine na debe la mahindi. Ndivyo shule ilivyoanza upya, na hiyo ndiyo shule mnayoiona. Watoto wa Mbale, hata hivyo, aliwaita kwa majina. Hakumtungia mtoto wimbo tena.

Akoth sasa alikuwa Namono, binti wa mwalimu. Nje alimwita Proscovia Mama. Ndani ya ukumbi alimwita Mwalimu, kama wenzake, ndiyo ilikuwa sheria. Na kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, palikuwa na somo jingine ambalo nililigundua kwa kupita dirishani. Proscovia alikaa kwenye piano na kupiga ule wimbo. Akoth alikaa kwenye mkeka na alitakiwa asiinuke. Siku za kwanza aliinuka, miguu ikimpeleka, na Proscovia alimrudisha na kumfinya mkono. Anapiga tena. Mtoto anainuka, anafinywa. Anapiga tena.

"Ukiusikia wimbo wako, unafanya nini?"

"Nakaa."

"Akiupiga nani?"

"Akiupiga mtu yeyote."

Nilimngoja nje nikamvaa. "Unamharibu mtoto. Kwanza ulimfundisha kusikia, sasa unamfundisha kuwa kiziwi."

"Hukuona alivyotoka chini ya meza yako?" akaniuliza. "Mimi ndiye niliyemwita, Mama Latif. Mikono yangu. Watarudi siku moja, na mimi siiamini mikono yangu."

Nami nilikuwa siiamini yangu, iliyobaki na kipande cha gauni. Ilichukua muda mrefu, lakini Akoth alijifunza. Ikafika siku Proscovia akaupiga wimbo ghafla katikati ya chakula, kwa kijiko juu ya sufuria, na mtoto akaendelea kutafuna. Aliacha pia kuuliza kuhusu jioni, na mimi hilo liliniuma kuliko alipokuwa akiuliza.

Serikali zikabadilika, uchaguzi ukapita, amani tuliyoahidiwa ikawa haiji. Mwaka wa themanini na mbili vizuizi vilikuwa vimerudi barabarani, na watu waliovaa kiraia walikuja kumwulizia mtu, wakaondoka naye. Proscovia alikuwa amekonda. Kila uso mgeni aliuona umetumwa na wale wa Jinja kumalizia kazi.

Jumamosi moja nilikuwa nimeweka cherehani kwenye baraza ya ukumbi, ndani somo likiendelea, akaja mwanamume mwenye koti lisilo lake. Amekonda, mvi kichwani, anatembea akiburuta mguu. Sikumtambua. Akanisalimu na kuuliza, "Mama, mwalimu Proscovia kutoka Jinja iko hapa?"

"Hapa hakuna wa Jinja," nikamwambia, mguu wangu ukiendelea kukanyaga cherehani bila uzi.

"Mimi natafuta mutoto yangu. Walinifunga mimi miaka tatu, pale pale nilikuwa nafunga watu. Waliniachilia. Natembea, nauliza. Watu nasema mwalimu ya piano alikimbilia Mbale."

"Watu husema mengi. Hapa watoto wote wana baba zao."

Kwa upande mmoja nilitaka kumwamini, lakini wapelelezi nao huja na hadithi za kuliza. Hata kama ndiye, nilijiuliza huyu alifanya nini kule ndani, na kaka yake Semei alikufa mikononi mwa nani. Sijui hadi leo. Mtu yule hakubishana nami. Alikaa kwenye ngazi kupumzisha mguu, akavua kofia, akaiweka magotini. Kisha akapiga mluzi.

Ulikuwa wimbo wa Akoth, na mwishoni, badala ya kushuka, akaupandisha.

Piano ndani ikanyamaza. Nikainuka nikachungulia dirishani. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, Akoth kati yao, miaka kumi sasa, mikono imetulia mapajani. Hakugeuza hata shingo. Alikuwa anatazama mbele kama alivyofundishwa, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti. Kwenye benchi Proscovia alikuwa amekaa mgongo wima, naye hatikisiki.

Yule mwanamume akapiga tena, vilevile, na kosa lake lilelile. Hakutoka mtu. Akangoja kidogo, akavaa kofia, akashika nguzo na kujiinua. "Pole, mama," akaniambia. "Labda mimi nimekosea nyumba."

Proscovia alimsikia. Alihitaji tu kuendelea kunyamaza. Mtoto asingeinuka kamwe, alikuwa amehakikisha hilo mwenyewe kwa kufinya. Mtu angeshuka ngazi, angepanda basi, na Namono angebaki Namono. Namjua Proscovia, najua alivyoyawaza yote hayo kwa pumzi moja, na nakiri kwamba nami moyoni nilimwomba anyamaze. Alikuwa anaogopa kuliko ile siku ya mapanga. Siku ile alimwogopea mtoto, leo alikuwa anaogopa nyumba yake bila mtoto.

Akanyanyua mikono, akaiangalia, akaupiga ule wimbo.

Akoth hakuinuka. Akamtazama Proscovia, na ndani ya ukumbi, mbele ya wenzake wote, akasema, "Mama, unanijaribu?"

"Hapana," Proscovia akasema. "Leo inuka."

Najua mtauliza. Ndiyo, Gaster aliondoka naye kwenda kwao Tororo, na kila likizo alimrudisha, na Proscovia hakulala siku zote za katikati. Lakini asubuhi ile, kabla hajaenda mlangoni, Akoth alipanda benchi kwanza, maana ndivyo alivyofundishwa tangu Jinja kwamba ukiitwa lazima ujibu. Akaweka mkono upande wa sauti nyembamba, akaupiga wimbo wake wote, na mwishoni akaupandisha kama baba yake. Proscovia alikuwa kando yake, na hakumsahihisha.